Mistari Myekundu

Nilipeleka shairi langu likapigwe chapa katika duka moja la Chalinze, penye njia panda ya Morogoro na Tanga. Kiooni kila neno likachorewa mstari mwekundu, kana kwamba Kiswahili chote ni kosa.

Wasemao ulimwengu wahitaji mfumo mpya wa kuendeshea kompyuta, sikubaliani nao: huo mpya nao ungekuja na mistari ile ile. Linux, iliyoanza 1991, i wazi kwa kila atakaye kuifasiri. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini kwa Kiswahili. Kazi ile ilitaka wafasiri wa kuiendeleza. Nasi tulikuwa tukibishana: ngamizi au tarakilishi?

“Usihofu, mzee,” akasema kijana wa duka. “Mistari hii karatasini haitoki.”