Nyama ya Nguva

Tulipokuwa watoto Malindi, miaka ya 1960, habari ya nguva haikumsikitisha mtu. Ikivuma kuwa ameingia kwenye jarife la wavuvi wa shamba, wakubwa walichangamka, maana nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe, ina mafuta, na nguva mmoja hufika mita 3 na kilo 400. Kijiji kizima kilikula. Kama alikuwa jike au dume, ana mimba au hana, nani aliuliza?

Sisi watoto tulipenda visa vyake. Wazee wa barazani walisema ni mwanamke wa baharini, na kwamba mvuvi aliyempata alilishwa kiapo kwanza, aape kuwa hakumvunjia heshima, ndipo nyama igawiwe. Wakifika hapo walishusha sauti na kututuma dukani. Kisa kina chanzo: jike ana maziwa mawili karibu na makwapa, na hunyonyesha. Huo urembo mwingine sijui waliuonea wapi. Nguva ni wa kijivu, mnene, macho madogo, mdomo mpana uliopinda chini wenye ndevu ngumu, na mkia wa mapanda mawili.

Upole ndio uliomponza. Hula nyasi za bahari kwenye kina kifupi, huzing'oa na mizizi yake, akaacha vijia vya mchanga mtupu. Kila baada ya dakika chache lazima apande juu kuvuta pumzi. Basi akinaswa usiku katika jarife lililotegewa papa na taa, hufa kwa kukosa hewa. Jike hubeba mimba zaidi ya mwaka, huzaa mtoto mmoja, na huweza kukaa miaka 3 hadi 7 ndipo azae tena. Nyavu za nailoni zilipoenea, ambazo haziozi na hulala majini usiku kucha, uzazi wa namna hiyo ungewezaje kufidia?

Pomboo wa Kizimkazi, kule Zanzibar, walipona kwa bahati. Walikuwa wakiuawa wawe chambo cha papa, hadi watalii wa miaka ya 1990 walipoanza kulipa kuwatazama. Nguva hana michezo ya kumfurahisha mtalii. Wa Tanzania hutajwa zaidi huko Rufiji, Mafia na Kilwa, na kundi lenye matumaini liko Bazaruto, Msumbiji. Mwaka 2022 shirika la uhifadhi la IUCN lilimweka nguva wa Afrika Mashariki katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, kwa kukadiria kuwa waliokomaa hawafiki 250. Mnyama mwingine wa baharini, sili wa Karibiani, alionekana mara ya mwisho mwaka 1952, akatangazwa rasmi kuwa ametoweka mwaka 2008. Kwa miaka 56 watu waliendelea kusema labda yupo.

Siku hizi kumvua nguva ni marufuku, na ndivyo inavyopaswa. Lakini anayemkuta amekufa wavuni alfajiri huogopa. Kuna wanaomkatakata huko huko baharini, wakarudi na changu na tasi wao kama hakuna lililotokea. Juzi nilimuuliza kijana mmoja pale diko la Malindi kama amewahi kumwona nguva. Alicheka.

"Sasa mzee wangu, nikimpata nije nikwambie wewe, ili nifungwe?"