Mtamba Wetu na Shangazi

Kama umekulia penye ng'ombe, huenda umepata kusikia onyo nililolisikia mimi utotoni, kwetu karibu na Kitale. Ng'ombe wetu alizaa pacha, mmoja dume na mmoja jike. Tulishangilia, lakini mzee jirani aliwatazama ndama wale, akatikisa kichwa, akamwambia baba asimweke yule jike kwa tamaa ya maziwa. Baba hakusikia. Alimlisha miaka mitatu, akampeleka kwa fahali mara nyingi, na mtamba hakushika mimba. Mwisho aliuzwa kwa mchinjaji, wala hapana aliyemtukana.

Mzee alisema kweli. Katika kila mitamba 10 waliozaliwa pacha na dume, yapata 9 huwa tasa. Frank Lillie wa Chicago alieleza sababu yake mwaka 1916. Tumboni mwa ng'ombe, makondo ya pacha hushikana na mishipa yao huungana, hata damu ya kaka ikapita mwilini mwa dada. Damu hiyo huchukua homoni za dume. Mojawapo, itokayo katika korodani, kazi yake ni kuzuia tumbo la uzazi lisiote katika mwili wa dume. Ikimfikia jike, humharibu kabla hajazaliwa. (Akina Mukhwana na Mulongo wasiogope: kwa binadamu damu za pacha wa kiume na wa kike haziungani hivyo ila kwa nadra sana.)

Wanasayansi wa Ufaransa waliichunguza homoni hiyo kwa korodani za ndama. Ajabu ni kwamba mwanamke naye anayo, hutoka katika vifuko vya mayai yake. Leo daktari huipima katika damu ili akadirie akiba ya mayai, na mara nyingi huikuta imezidi kwa wale ambao ovari zao zimejaa vifuko vidogo visivyopevuka.

Nyani nao wamechunguzwa hapa Kenya, katika taasisi iliyoanzishwa na Louis Leakey mwaka 1960, ambayo sasa iko Karen, Nairobi. Nyani jike hupata hedhi kama mwanamke. Baadhi yao huota, nje ya tumbo la uzazi, nyama inayofanana na utando wa ndani yake, nayo hustawishwa na homoni ya estrojeni. Wanawake wengi huteswa na maradhi hayo hayo, na wengine huyakosea watoto. Nakiri sipendi kumwona mnyama katika kizimba. Lakini nakumbuka jambo jingine.

Shangazi yangu aliolewa Bungoma, akakaa miaka sita bila mtoto. Hakupimwa yeye, wala mumewe. Alirudishwa kwetu na ng'ombe wa mahari wakadaiwa. Baba, ambaye hakumlaumu mtamba kwa kuwa mzee alikwisha mwonya, alikosa neno la kumtetea dada yake. Shangazi alifika na sanduku moja la bati, akaketi jikoni kumsaidia mama kuchambua mboga. Aliniuliza habari za yule mtamba pacha. Nikamwambia ameuzwa. Alinyamaza, akaendelea kuchambua.