Kodi Si Bei Yote ya Nyumba

"Kodi ni ngapi?" Ndilo swali la kwanza la kila anayetafuta nyumba Nairobi. Miaka ya kuishi Eastlands imenifundisha kwamba kodi ni sehemu tu ya bei. Nyingine hulipwa barabarani, mferejini na dukani.

Nililelewa Jericho, kwenye nyumba za kaunti ambazo kodi yake hadi leo iko chini sana ya ile ya soko. Tulikuwa na uwanja wa kuchezea, na mama aliweza kutuacha kwa jirani akaenda kuuza mboga bila kumlipa mtu. Ujirani huo haukuandikwa kwenye risiti, ila ulituokolea pesa nyingi.

Nilipopata kibarua Industrial Area nilipanga chumba kimoja Pipeline, katika ploti ya ghorofa ambamo jua halikufika. Taa iliwaka mchana kutwa, tokeni za umeme zikaisha upesi. Mfereji ukikauka, tulinunua maji kwa mitungi na kuyapandisha ngazi. Hata hivyo kazini nilienda kwa miguu, na nauli niliyookoa ikamlipia mdogo wangu karo.

Wenzangu walihamia Kamulu na Joska, kwenye Barabara ya Kangundo. Walipata nafasi na hewa safi kwa kodi nafuu. Lakini waliamka kabla ya alfajiri, na mvua ikinyesha matatu hupandisha nauli. Wazazi waliondoka watoto wamelala, wakarudi wakawakuta wamelala tena.

Wote walikuwa na sababu zao. Dukani nako, anayelipwa kwa siku hununua mafuta ya kupima, na kwa jumla hulipa zaidi ya anayemudu jagi zima. Ndiyo maana simshauri mtu ahamie kwingine kabla sijajua anafanya kazi wapi, analipwa lini na nani humwangalizia watoto.

Chini ya Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya 2024, mwajiriwa hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Nyumba zitakazojengwa kwa jasho hilo zikiwa mbali na kazi, maji na shule, unafuu wake utaliwa na nauli. Basi tukiulizia kodi, tuulizie pia maji, nauli, na saa ambayo mzazi atafika nyumbani.