Nondo za Juu

Sakafu ya zege iliyovunjika mbele ya duka la baba yangu mdogo, kata ya Mbebe wilayani Ileje, haikuharibiwa na fundi. Niliiharibu mimi, kwa simu, nikiwa Dar es Salaam, kisha nikanyamaza fundi akabeba lawama. Naandika sasa kwa sababu kila nikienda likizo vijana wa kwetu huniuliza namna ya kuwa mhandisi wa miundo, nami huwasimulia mazuri matupu.

Njia yenyewe haina siri. Unasoma PCM (fizikia, kemia na hisabati), unakwenda chuo miaka minne. Kwa mtu wa Ileje, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) pale Mbeya ndiko karibu. Ukihitimu, Bodi ya Usajili wa Wahandisi inakusajili kama mhandisi mhitimu. Hapo bado hujawa mtaalamu. Tangu 2003 bodi ina mpango wa mafunzo kwa vitendo uitwao SEAP: miaka mitatu unafanya kazi chini ya mhandisi mzoefu, unaandika ulichofanya, yeye anakagua na kusaini. Ukimaliza ndipo unapoomba usajili wa mhandisi mtaalamu. Mhitimu hapaswi kusimama peke yake akasanifu majengo ya watu.

Nilikuwa ndani ya miaka hiyo mitatu. Lakini Mbebe nani anahangaika na tofauti ya mhitimu na mtaalamu? Nikifika naitwa Injinia, wazee wananitengea kiti. Sikumsahihisha hata mmoja.

Niseme pia kilichonivuta kwenye kazi hii. Tarehe 29 Machi 2013, Ijumaa Kuu, jengo refu lililokuwa likijengwa mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, liliporomoka na kuua watu 36. Nilikuwa sekondari. Nilijiaminisha kwamba majengo huangushwa na watu wabaya: mwenye tamaa ya kuongeza ghorofa, mkandarasi anayeiba saruji, ofisa anayefumba macho. Kwa kuwa mimi sikuwa mmoja wao, nilijihesabu niko salama. Upuuzi huo nilikwenda nao hadi chuo, nikatoka nao.

Sasa duka. Baba mdogo alitaka mbele kuwe na stoo ndogo yenye sakafu ya zege juu yake, na sakafu hiyo itokeze nje mita moja na nusu ili wateja wasinyeshewe. Kwetu mvua zikianza zimeanza. Akanipigia: “Mwanangu, wewe ndiyo msomi wetu, nichoree.” Nilikuwa na mchoro wa kazi nyingine kwenye kompyuta. Nikakata kipande, nikabadilisha vipimo, nikaandika nondo za milimita 12 kila sentimita 15, nikapiga picha, nikatuma WhatsApp. Sikuonyesha nondo zinakaa juu au chini.

Kosa la hapo lingeweza kurekebishika, kwa sababu fundi aliuliza. Ni mtu mzima, amejenga nyumba za matofali ya kuchoma tangu mimi sijazaliwa. Alipiga simu nikiwa kwenye daladala, honi zinapigwa kila upande. “Injinia, hizi za huku nje nizilaze chini, au zipande juu?” Nikamjibu: “Weka kama kawaida, fundi.” Nikakata simu.

Kawaida ya fundi ni chini, na kwa sehemu kubwa ya kazi zake yuko sahihi. Zege hustahimili kubanwa. Kuvutwa halistahimili, ndiyo maana tunaweka nondo upande unaovutwa. Sakafu iliyoshikwa na kuta pande zote mbili hulemewa katikati, upande wa chini ndio unaovutwa, nondo zinakaa chini. Sakafu inayotokeza nje ni kinyume: ncha inashuka, zege la juu linavutwa pale inapotokea ukutani. Nondo lazima zikae juu na ziingie ndani ya kutosha. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anajua hili. Mimi nililijua. Sikuwa na dakika moja ya kumweleza.

Alinyoosha nondo za ndani hadi nje, zote chini, akamwaga zege la kokoto safi, akalimwagilia maji wiki nzima. Kazi nzuri, kwa kweli. Kipande kilichotokeza, upana wa mita nne na unene wa sentimita 12, kilikuwa na uzito wa karibu tani 1.7. Mirunda ilipotolewa ukaonekana ufa mwembamba juu, sambamba na ukuta. Usiku mmoja wa mvua sakafu ikakatika pale kwenye ufa na kulala chini. Kungekuwa mchana, pale hukaa wanawake wanaouza ndizi.

Baba mdogo aliponipigia nilisema neno ambalo bado linanichoma kuliko mchoro wenyewe: “Mafundi wa mtaani hawa hawasomi michoro.” Akaamini. Fundi alikatwa hela yake ya ufundi, na watu wakaanza kuita mafundi kutoka Tunduma.

Nilipofika likizo nililiona zege lilipokatikia. Upande wa juu hapakuwa na chuma hata kimoja, na picha niliyotuma bado ilikuwa kwenye simu yangu. Niliiangalia, nikanyamaza. Nikamaliza mafunzo, nikasajiliwa, nikala kiapo cha wahandisi pamoja na wenzangu, bado nikiwa nimenyamaza.

Jambo moja kuhusu kwetu, kwa wanaodhani uhandisi wa miundo ni wa maghorofa ya Dar: tunaishi kwenye Bonde la Ufa. Tetemeko la Rukwa la 1910 lilikuwa miongoni mwa makubwa kabisa Afrika karne ile, na Desemba 2009 ardhi ilitikisika mara kwa mara Karonga, Malawi, ng'ambo ya mto Songwe, nyumba zikaanguka. Mhandisi makini anahitajika Ileje kuliko nilivyofikiri nikipiga picha ule mchoro.

Sasa nimeshamwambia baba mdogo ukweli, na nimekwenda kwa fundi. Hakunihubiria. Aliuliza kitu kimoja tu: hela yake iliyokatwa nani atailipa. Nimeilipa mimi, na sakafu imejengwa upya kwa gharama yangu, kwa mchoro uliosainiwa, na yeye ndiye aliyeijenga.

Mnaojenga, mchoro usio na jina na namba ya usajili ya mhandisi msiupokee, hata ukitumwa na mtoto wa ndugu yenu. Nanyi watu wa Mbebe, fundi yule mrudishieni kazi. Aliuliza swali sahihi kabla ya kumwaga zege, na mimi ndiye niliyemjibu vibaya.