India kusoma sheria? Kasheshe!

Ukitaka ukoo wako ukae kikao bila kuitwa, tangaza tu kwamba unakwenda India kusoma sheria. Mimi nilitangaza nikiwa nasubiri matokeo ya kidato cha sita. Baba mdogo wa Magomeni akaguna: "Mwanangu, India watu wanakwenda kutibiwa moyo. Sheria si ipo hapo Mlimani?"

Ipo, tena tangu 1961. Ila nilipomsikia akisema sheria ya Wahindi haitanifaa Bongo, nikambishia kwa adabu. Sote tulitawaliwa na Mwingereza. Sheria yetu ya Mikataba imechotwa kwenye ile ya India ya mwaka 1872, na Sheria yetu ya Ushahidi ya 1967 ni ya ukoo huo huo. Wenyewe India walishaibadili ile ya ushahidi kuanzia Julai 1, 2024, lakini misingi mingi ni ile ile. Baba mdogo akanyamaza.

Mshiko, je? Baba alisema atauza kiwanja chake cha Chanika. Tangu siku hiyo kila fomu niliyoishika niliiona kama kipande cha ile ardhi.

Wakala mmoja wa mjini, tai shingoni, akanipa karatasi ya rangi rangi: LL.B. miaka mitatu, ada chee, lipa wiki hii nafasi zinakwisha. Baba akafurahi kupita kiasi. Mimi nikauliza kitu kimoja tu: hiyo ya miaka mitatu inamtaka mtu mwenye nini mkononi? Jamaa akaanza kufuta jasho. Maana India, kozi ya miaka mitatu ni ya mtu ambaye tayari ana digrii nyingine. Sisi wa kutoka kidato cha sita tunasoma mitano, unatoka na digrii mbili kwa mpigo, kama B.A. na LL.B.

Nikarudi nyumbani na hesabu mpya: miaka miwili zaidi ya ada, chumba na msosi. Baba akajikuna kichwa. Mama, muuza vitenge ambaye India anaijua kwenye sinema tu, akasema, "Afadhali mitano ya kweli kuliko mitatu ya changa la macho."

Basi nikaanza kuchagua. Bangalore kuna chuo cha taifa cha sheria chenye jina kubwa, lakini mimi moyo uliangukia Pune, mji wa wanafunzi, wenye chuo cha sheria tangu 1924. Kwa kila chuo nilitaka kujua kama kinatambuliwa na Baraza la Mawakili la India, kama cheti changu cha sekondari kitakubalika, na TCU hapa nyumbani watasemaje. Hilo la TCU ndilo wenzangu wengi huliacha mwisho, wakati ada imeshalipwa! Digrii yako ya nje isipotambuliwa nyumbani, Shule ya Sheria kwa Vitendo hawakupokei, na bila shule hiyo uwakili usahau.

Fomu zimekwenda. Kiwanja bado hakijauzwa. Mnunuzi kaja mara mbili, na Baba kamwambia asubiri hadi barua ya chuo ifike na TCU waione. Jamaa analalamika kwamba familia hii ina maneno mengi. Juzi kaongeza laki tano.