Niangalie Ninaposema Nawe

Ndugu msomaji, kama ulisoma shule ya msingi nyumbani Tanzania, huna haja ya kukumbushwa jinsi kipindi kilivyoanza. Mwalimu anaingia, darasa zima linasimama. "Shikamoo mwalimu!" "Marahaba, hamjambo?" "Hatujambo!" "Kaeni." "Asante mwalimu!" Chaki haijagusa ubao, adabu imeshafundishwa. Akitoka, kiranja anaandika majina ya wapiga kelele. Aliyejibu sawasawa alipata "Mpigieni makofi matatu!" Mkaidi alikumbushwa kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na nyuma ya methali hiyo kulikuwa na fimbo.

Huku Uingereza fimbo ilipigwa marufuku katika shule za serikali mwaka 1987, na shule za binafsi za England na Wales zikafuata mwaka 1999. Mwalimu amebaki na maneno, na maneno hayo yana ufundi wake. Hasemi "Msikimbie", anasema "Tembeeni, asanteni", anashukuru kabla hajatiiwa. Watoto wakipiga kelele, anamsifu mmoja aliyetulia: "Naona fulani amekaa vizuri." Mara meza nzima inanyooka migongo. Tena amri anaivika nguo ya swali: "Je, ungependa kukaa chini sasa?"

Hapo ndipo mwanangu aliponasa. Alifika kutoka Tanga akiwa na miaka saba, Kiingereza chake cha kuhesabu vidoleni. Muhula wa kwanza niliitwa shuleni. Mwalimu, mama mmoja mpole, alikuwa na mambo mawili kwenye daftari lake. La kwanza, mtoto akiambiwa akae hujibu "Hapana, asante" na kuendelea na mchezo wake. La pili lilimkera zaidi: akikanywa, hamtazami mtu usoni. "Namwambia niangalie ninaposema nawe, naye anazidi kuinama. Inaonekana hajali."

Hajali! Wazazi wenzangu, neno hilo likishaandikwa kwenye ripoti ya mtoto, linamfuata darasa hadi darasa. Nikamweleza taratibu. Kwetu, mtoto anayekanywa na mkubwa huinamisha macho, akikodoa ataulizwa, "Unanitolea macho mimi?" Kadiri alivyoinama ndivyo alivyozidi kukuheshimu wewe mwalimu. Na lile swali lako, yeye alilisikia kama swali. Umemuuliza kama angependa, naye amekujibu kwa adabu kuwa asingependa, na shukrani akaweka.

Mama yule alinyamaza kidogo, kisha akacheka. Akachukua kalamu akaandika pembeni ya maneno yake ya mwanzo. Akaniahidi kumwambia "Kaa chini, tafadhali", bila swali.

Jioni ilibaki kazi yangu. Mtoto alisikiliza maelezo yote, akaniuliza: "Sasa baba, na wewe nikutazame?" Swali zito hilo. Nikikubali, Bibi akija kututembelea atasema nimelea jeuri. Nikikataa, atabaki na sura mbili. Nikamwambia: shuleni mtazame mwalimu, maana kwao macho ndiyo masikio. Mbele ya Bibi, inama. Mimi nitazame ukiwa na la kusema. Alifikiri kidogo, akanitazama, akasema ana njaa.

Wako wenzetu wanaosema watoto waachwe wazoee ya huku, ya kwetu yatajifia yenyewe. Wengine wanataka walimu wajifunze yetu yote. Mimi naona mtoto anaweza kubeba adabu mbili kama anavyobeba lugha mbili, mradi mtu amweleze ipi ni ya wapi. Mwalimu hawezi kuyajua hayo asipoambiwa, na wa kumwambia ni sisi. Kwa hiyo barua ya mkutano wa wazazi ikija, tusiiache juu ya friji kwa sababu ya zamu za usiku. Badilishana zamu na mwenzako, nenda, ukaulize mwalimu anamwambia nini mwanao, na mwanao anamjibuje.