Nyama niliiacha, robo saa ikanishinda

Kwa miaka mingi nilidhani kwamba najua kufunga Kwaresma. Kila ilipofika Jumatano ya Majivu nilipakwa majivu kwenye paji la uso, nikaacha nyama, nikaacha na soda. Wenzangu ofisini walinisifu kwa kujinyima, nami, sitaficha, nilivimba kichwa kidogo.

Kwaresma ya mwaka wa 2024 ndiyo iliyoniumbua. Mwaka huo Jumatano ya Majivu iliangukia Februari 14, siku ya wapendanao. Jijini Nairobi wauzaji wa maua mekundu walijaa kando ya barabara, lakini mimi nilirudi nyumbani na majivu usoni bila neno tamu kwa mume wangu. Tulikuwa tumenuniana kwa wiki mbili. Alikuwa amemkopesha ndugu yake Sh20,000 tulizoweka kando za karo, bila ya kuniambia.

Jioni hiyo kifungua mimba wetu, msichana wa miaka 9 aliyekuwa akisomea katekisimu, aliniuliza: "Mama, mwalimu amesema Kwaresma ni kufunga, kusali na kutoa sadaka. Sisi husali saa ngapi?"

Nilikosa jibu. Alfajiri nilikuwa mbioni kuwahi matatu, usiku nilirudi hoi, na baada ya chakula ilikuwa ni televisheni. Wasaa wa taarifa ya habari nilikuwa nao. Wa Mungu sikuwa nao.

Tukakata shauri. Kila siku baada ya chakula cha jioni televisheni ingezimwa, simu ziwekwe juu ya kabati, nasi tukae mezani robo saa. Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Kitinda mimba alisinzia, nami nikawa nawaza makala ambazo sikuwa nimekamilisha.

Juma la pili, tulipokuwa tukisali Baba Yetu, nilifika mahali pa kuwasamehe waliotukosea na sauti ikanikwama kooni. Mume wangu alikuwa ameketi mbele yangu. Naye alinyamaza. Watoto waliimaliza sala peke yao.

Usiku huo tulizungumza hadi saa sita. Pesa hazikurudi mara moja. Shemeji alizilipa kidogo kidogo hadi Agosti, na ilitubidi kuiomba shule ituvumilie. Hata hivyo, tulianza tena kusemezana kama mke na mume.

Hapo nikafahamu kwa nini miaka yote hiyo niliona ni afadhali kuacha nyama. Nyama haimuulizi mtu swali. Lakini ukiketi kimya mbele ya Mungu, yale uliyoyakimbia mchana kutwa hukufikia.

Kanisa Katoliki huwataka waumini wa umri wa miaka 18 hadi 59 kufunga siku mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Kwaresma nayo ni siku 40, ukiziacha Jumapili. Ni dhahiri kwamba kazi kubwa si ya tumbo.

Basi mzazi mwenzangu, nawe mwanafunzi unayesema masomo yamekubana, usingoje upate nafasi. Katika jiji hili nafasi haipatikani, hutengwa. Anza na robo saa. Sisi tumekosa siku nyingi tangu wakati huo, lakini kila tunapokosa, binti yetu huinuka akaizima televisheni.